Kitufe cha Wi-Fi kwenye kompyuta mpakato: kumtafuta aliyezima redio katika Linux

Katika safu ya juu ya kibodi ya kompyuta mpakato, mahali fulani kati ya F2 na F12, huwa kuna kitufe chenye alama ndogo ya mnara unaotoa mawimbi, au alama ya ndege. Kazi yake ni kuzima na kuwasha redio zilizomo ndani ya mashine, yaani Wi-Fi, Bluetooth na, kwa mashine zenye nafasi ya laini ya simu, modemu yake. Abiria wa ndege hukihitaji ili anyamazishe redio zote kwa kidole kimoja bila kupekua menyu. Hapa Dar es Salaam wengi wetu hukigusa kwa sababu nyingine: tunafuta vumbi kwenye kibodi huku mashine ikiwa imewashwa, mtoto amepewa kompyuta aangalie katuni, au umeme umekatika na mwenye mashine anataka betri imfikishe jioni. Baadaye redio hukataa kuwaka, na safari ya kwenda kwa fundi Kariakoo huanza.

Mwongozo huu unamhusu mtu anayetumia Linux, iwe Ubuntu, Linux Mint, Debian au Fedora, hasa kwenye mashine iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika ughaibuni. Mashine hizo zimetoka kwa watengenezaji wengi na za miaka mingi tofauti, na kila mtengenezaji alikijenga kitufe hiki kwa namna yake, hivyo dawa iliyoponya mashine ya jirani inaweza isiiponye yako. Swali la kwanza ni nani aliyezima redio, kwa maana wenye uwezo huo ndani ya mashine moja ni kadhaa, na mara nyingi mmoja hana habari ya alichofanya mwenzake.

Njia tatu za kitufe kimoja

Unapobonyeza Fn pamoja na kitufe chenye alama ya mnara, wa kwanza kupata habari ni kidhibiti kidogo kilichopo kwenye bodi, kilekile kinachosimamia kibodi, feni na kuchaji betri. Mfumo endeshi kwa kawaida haukioni kitufe cha Fn chenyewe. Unaona tu kile ambacho kidhibiti hicho kimeamua kuupelekea, na hapo njia hugawanyika.

Njia ya kwanza ni kidhibiti kupeleka namba kupitia kibodi, kana kwamba umebonyeza herufi yoyote. Namba hiyo haifanyi kitu mpaka keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachozungumza na maunzi, iitafsiri kuwa kitufe inachokifahamu. Katika orodha ya keneli, kitufe cha Wi-Fi huitwa KEY_WLAN na msimbo wake ni 238, cha Bluetooth ni KEY_BLUETOOTH chenye msimbo 237, na kile cha kuzima redio zote ni KEY_RFKILL, msimbo 247.

Njia ya pili ni kidhibiti kutoa taarifa kupitia ACPI au WMI, milango ambayo watengenezaji huitumia kuwasiliana na mfumo endeshi kuhusu mambo ya mashine yao pekee. Hapa keneli huhitaji kiendeshi (driver) mahususi cha mtengenezaji: hp_wmi kwa HP, thinkpad_acpi kwa ThinkPad, ideapad_laptop kwa IdeaPad, asus_nb_wmi kwa ASUS, dell_laptop na dell_rbtn kwa Dell, acer_wmi kwa Acer. Kiendeshi kisipokuwepo, taarifa hutolewa na hakuna wa kuipokea.

Njia ya tatu ndiyo inayowatesa mafundi wengi. Kidhibiti hakimwulizi mtu yeyote, bali hukata redio chenyewe kwa kubadilisha umeme wa waya mmoja unaoingia kwenye kadi ya Wi-Fi. Kwenye kadi za Mini PCIe waya huo unafika kwenye pini ya 20, na kwenye kadi za kisasa za M.2 unafika kwenye pini ya 56 kwa Wi-Fi na ya 54 kwa Bluetooth. Waya ukishakatazwa, hakuna amri ya programu itakayoiamsha kadi hiyo.

Kuna mashine zinazochanganya njia mbili kwa mpigo mmoja, na nitarudi kwenye hizo.

Kusoma hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

rfkill list

Amri hii inazungumza na sehemu ya keneli yenye jina hilohilo, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2007 na kuandikwa upya mwaka 2009, ambayo kazi yake yote ni kuweka hesabu ya nani amezima redio gani. Utaona majibu ya aina hii:

0: hp-wifi: Wireless LAN
 Soft blocked: no
 Hard blocked: yes
1: phy0: Wireless LAN
 Soft blocked: yes
 Hard blocked: no

Mstari wa Soft blocked unahusu kizuizi cha programu: kuna programu au mtu aliyeiagiza keneli kuzima redio, na anayeweza kuagiza kuzima anaweza pia kuagiza kuwasha. Mstari wa Hard blocked unahusu kizuizi cha maunzi: keneli imeambiwa na mashine kwamba redio imekatwa huko chini, na yenyewe haina mamlaka ya kupinga. Ili redio iwake, mistari yote miwili ya kila kifaa cha Wi-Fi lazima iseme no.

Tazama pia majina, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la nani. Jina kama phy0 ni kadi yenyewe ikijieleza. Majina kama hp-wifi, dell-wifi, asus-wlan, acer-wireless, ideapad_wlan au tpacpi_bluetooth_sw hayatoki kwenye kadi. Ni kiendeshi cha mtengenezaji kinachoripoti hali ya kitufe au swichi ya mashine. Kwa hiyo Wi-Fi moja inaweza kuonekana mara mbili, na mtu asiyelijua hilo hudhani ana kadi mbili.

Bluetooth nayo ina desturi yake. Kwenye mashine nyingi kifaa chake kimefungwa kwenye njia ya USB ya ndani, na kwenye baadhi, ThinkPad zikiwemo, kikizimwa hutoweka kabisa kwenye lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, na jina lake la hci0 huondoka kwenye orodha. Hakijaibiwa. Kitarudi kitakapowashwa.

Ukipendelea kumwona mhusika akiwa kazini, andika rfkill event, kisha bonyeza kitufe mara moja, subiri sekunde tatu, bonyeza tena. Kila badiliko litatokeza mstari mpya. Usipoona mstari wowote, kitufe hakiifikii sehemu hii ya keneli, na utaruka moja kwa moja hadi pale ninapoeleza kitufe kilichokufa.

Kizuizi cha programu

Hiki ndicho chepesi. Amri ni moja:

rfkill unblock wifi

au rfkill unblock all ukitaka redio zote. Mfumo ukikataa kwa kudai mamlaka, tanguliza sudo, neno linaloendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Mtu aliyewahi kujaribu kuinua Wi-Fi kwa ip link set akajibiwa "Operation not possible due to RF-kill" sasa anajua jibu hilo lilikuwa likimwelekeza hapa.

Kinachowachosha watu ni redio inayowaka leo na kukutwa imezimwa kesho asubuhi. Hapo kuna watunza kumbukumbu wawili wa kuchunguza. Wa kwanza ni systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, ambayo kupitia huduma yake ya systemd-rfkill huandika hali ya kila redio ndani ya folda ya /var/lib/systemd/rfkill na kuirejesha mashine inapowashwa. Ukizima mashine ghafla kabla ya hali mpya kuandikwa, ile ya zamani ndiyo itakayorudi. Washa redio, kisha zima mashine kwa utaratibu wa kawaida, na mara nyingi tatizo litaishia hapo. Wa pili ni NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, ambayo ina kumbukumbu yake yenyewe. Ikague kwa kuandika:

nmcli radio

Ukiona safu ya WIFI inasema disabled ilhali WIFI-HW inasema enabled, mzimaji ni NetworkManager, na nmcli radio wifi on itamaliza shauri. Kama umesakinisha TLP kwa ajili ya kutunza betri, fahamu kwamba nayo ina uwezo wa kuzima redio mashine inapoanza, na waandishi wake wenyewe hushauri systemd-rfkill ifungwe ili wawili hao wasigombane. Chagua mmoja wa kusimamia redio.

Kabla ya kwenda kununua kijiti cha Wi-Fi cha USB, na najua wengi hukimbilia huko kwa kuwa bei yake inavumilika, zingatia jambo moja. Keneli hukumbuka amri ya jumla iliyotolewa kwa aina nzima ya redio, na hukipa kifaa kipya hali hiyohiyo mara kinapochomekwa. Ikiwa Wi-Fi zote zimezuiwa kwa programu, kijiti chako kipya nacho kitazaliwa kikiwa kimezuiwa, na utakirudisha dukani ukimlaumu muuzaji bure. Kinyume chake, kizuizi cha maunzi kinachopita kwenye pini ya kadi ya ndani hakikigusi kijiti cha nje.

Wakati wote huo unaweza kupata intaneti kwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB na kuruhusu simu igawe bando lake kupitia waya. Linux huichukulia simu hiyo kama kadi ya mtandao wa waya, na rfkill haina neno nayo. Utahitaji njia hii ili kusakinisha zana nitakazozitaja mbele.

Kizuizi cha maunzi

Hard blocked ikisema yes, anza na macho yako kabla ya terminali. Zungusha mashine uangalie pembeni na mbele chini ya sehemu ya kuwekea viganja. Mashine za ofisini za zamani, kama ThinkPad X220 na Dell Latitude E6400, zina swichi ndogo ya kusukuma pembeni ambayo mtu huisogeza bila kujua anapoitia kompyuta kwenye begi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na vumbi letu halipumziki, hivyo swichi iliyokaa sehemu moja kwa miaka inaweza kuhitaji kusukumwa huku na huku mara kadhaa ndipo vyuma vyake vya ndani vigusane sawasawa. Kwenye HP nyingi hakuna swichi, bali kuna taa iliyo juu ya kitufe: rangi ya chungwa ina maana redio zimezimwa, nyeupe au ya buluu zimewashwa.

Hatua inayofuata ni BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuanza. Ingia kwa kitufe cha mashine yako, kwa kawaida F1, F2 au F10 wakati wa kuwasha, utafute ukurasa wa vifaa visivyotumia waya. Dell huweka humo uwezo wa kuchagua redio zipi zitatii swichi, na pia uwezo wa kuzima Wi-Fi waya wa mtandao unapochomekwa. HP za ofisini wana kipengele kama hicho cha kubadilishana kati ya waya na Wi-Fi, na mashine zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya huja kipengele hicho kikiwa kimewashwa na mwajiri wa zamani. Mwenye mashine huchomeka waya wa ruta, Wi-Fi inatoweka, naye anahangaika na Linux isiyo na kosa.

Kama mashine ina Windows na Linux kwa pamoja, shuku pia Windows. Tangu Windows 8, kuzima mashine kwa kawaida hakuizimi kabisa, kwa kuwa mfumo hulaza sehemu yake ili uamke haraka, na kadi inaweza kubaki katika hali ilivyoachwa. Ingia Windows, ondoa hali ya ndegeni, kisha chagua kuwasha upya badala ya kuzima, na uingie Linux moja kwa moja kutoka hapo. Ukitaka kukiondoa kabisa kiini hicho cha usumbufu, andika powercfg /h off katika dirisha la amri la Windows lenye mamlaka ya msimamizi.

Sasa niseme kuhusu kizuizi cha uongo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mpwa wangu alikuja siku moja kutoka Mbagala na mashine ambayo fundi mmoja alikuwa ameshaibadilisha kadi ya Wi-Fi. Baada ya shikamoo neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, ina maana kadi mpya nayo imekufa?" Niliandika rfkill list. Mstari wa phy0 ulikuwa safi pande zote mbili. Uliosema Hard blocked: yes ulikuwa ni ule wa kiendeshi cha mtengenezaji. Mashine haikuwa na swichi yoyote ya pembeni, lakini kiendeshi kiliuliza kidhibiti cha bodi hali ya swichi, kidhibiti kikajibu jambo lisilo na maana, na kiendeshi kikalisoma jibu hilo kuwa "imezimwa". Kadi ya zamani ilikuwa nzima. Ilikuwa imeshaachwa kwa fundi.

Tatizo la namna hiyo limewapata kwa miaka mingi watumiaji wa viendeshi vya ideapad_laptop na acer_wmi, na jaribio lake ni kukiondoa kiendeshi kwa muda:

sudo modprobe -r ideapad_laptop

Wi-Fi ikirejea papo hapo, umempata mhusika. Ili kiondoke moja kwa moja, tengeneza faili /etc/modprobe.d/ideapad.conf na ndani yake uandike mstari mmoja:

blacklist ideapad_laptop

Kwenye Ubuntu, Mint na Debian fuatisha sudo update-initramfs -u, kisha uwashe mashine upya. Dawa hii ina gharama yake: vitufe vingine maalumu na kile kipengele cha kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi vinategemea kiendeshi hichohicho, navyo vitaondoka pamoja nacho. Kwa hiyo kabla ya kukipiga marufuku, sasisha keneli kwanza, kwa kuwa watunzaji wake wamekuwa wakirekebisha kasoro hii kwa mashine moja baada ya nyingine, na huenda yako imeshafikiwa.

Ikiwa phy0 yenyewe ndiyo inayosema Hard blocked: yes, na kumbukumbu za keneli unazozipata kwa sudo dmesg zina maneno "RF_KILL bit toggled to disable radio" kwa kadi ya Intel, basi ni kweli pini imekatwa. Baada ya swichi, BIOS na Windows kushindwa, wapo wanaofunika pini ya 20 ya kadi ya Mini PCIe kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme ili kadi isisikie katazo. Inafanya kazi, lakini pini hizo ni nyembamba kuliko punje ya mchele, na kufunika ya jirani kunaweza kuiua kadi kweli. Mimi ningemwachia fundi mwenye kioo cha kukuzia na mkono uliotulia.

Kitufe kilichokufa

Hali ya tatu ni ile ambayo redio inawashwa na kuzimwa vizuri kwenye menyu, ila kitufe hakifanyi lolote. Sakinisha zana ya evtest:

sudo apt install evtest

kisha uiendeshe kwa sudo evtest. Itakuonyesha orodha ya vifaa vyote vinavyoweza kupeleka mibonyezo. Kibodi yenyewe huitwa AT Translated Set 2 keyboard, na pembeni yake utakuta jina la mlango wa mtengenezaji, mathalani HP WMI hotkeys, Asus WMI hotkeys, Ideapad extra buttons, ThinkPad Extra Buttons au Intel HID events. Jaribu kimoja kimoja: chagua namba yake, bonyeza kitufe cha Wi-Fi, uone kama kuna kitu kinachoandikwa. Watu wengi huishia kujaribu kibodi tu na kukata tamaa, ilhali kitufe kinapita mlango wa pili.

Ukiona mstari wenye KEY_WLAN au KEY_RFKILL, kitufe kiko hai na tatizo lipo juu zaidi, katika mazingira ya eneo-kazi unayotumia. GNOME, eneo-kazi la kawaida la Ubuntu na Fedora, ina huduma yake inayopokea vitufe hivi na kuiambia keneli iviache. Mazingira mepesi mara nyingi hayana huduma hiyo, na kwa hayo utajifungia njia yako ya mkato kama nitakavyoonyesha mwishoni.

Ukiona mstari wa MSC_SCAN wenye namba fulani lakini usiofuatiwa na jina la kitufe linaloeleweka, keneli imepokea namba ila haina tafsiri yake. Kwa kibodi, sudo dmesg itathibitisha kwa ujumbe wa atkbd unaoanza na "Unknown key pressed". Kazi yako ni kuipa tafsiri. Kwanza pata utambulisho wa mashine:

cat /sys/class/dmi/id/modalias

Katika jibu refu utakalopata, kinachofuata svn ni jina la mtengenezaji na kinachofuata pn ni jina la modeli. Tuseme evtest ilikuonyesha namba 88 na mashine ni ya HP. Tengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-kitufe-wifi.hwdb uandike humo:

evdev:atkbd:dmi:bvn*:bvr*:bd*:svnHP*:pn*:*
 KEYBOARD_KEY_88=wlan

Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja tupu; nafasi hiyo ndiyo inayouambia mfumo kwamba mstari ni wa utambulisho uliotangulia, na nimeona mtu akipoteza jioni nzima kwa sababu yake. Jina la kitufe huandikwa kwa herufi ndogo bila KEY_ mwanzoni. Ukitaka kitufe kizime redio zote badala ya Wi-Fi peke yake, andika rfkill mahali pa wlan. Badala ya svnHP* weka jina kama linavyosomeka kwenye mashine yako, na uache nyota zibaki pale usipohitaji umakini. Kisha:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Rudi kwenye evtest ubonyeze tena. Safari hii KEY_WLAN inapaswa kuonekana. Ikionekana lakini ikawa kana kwamba kidole hakijaondoka, yaani inajirudia bila kukoma, mashine yako ni ya zile zinazotangaza kubonyezwa na kusahau kutangaza kuachiwa. Weka alama ya mshangao kabla ya jina, KEYBOARD_KEY_88=!wlan, na keneli itakiachia kitufe kwa niaba yake.

Kwa anayejaribu vitufe hivi kwa zana ya xev, asishangae kuona 246 mahali alipotarajia 238, kwa sababu X, mfumo wa kuchora madirisha ambao xev inauzungumzia, huongeza 8 kwenye kila msimbo wa keneli. Kitufe cha 247 huko kinakuwa 255, na hapo ndipo mwisho wa orodha ya X.

Iwapo hakuna mlango hata mmoja unaoandika chochote, jaribu Fn pamoja na Esc, ambayo kwenye mashine nyingi hufunga na kufungua kazi maalumu za safu ya juu, kisha angalia BIOS kama safu hiyo imepangwa kuwa ya F1 hadi F12 za kawaida. Bado kimya? Basi kidhibiti cha bodi hakitangazi kitufe hicho nje, au utando wa kibodi umekufa mahali hapo, jambo ambalo kwa kibodi iliyowahi kumwagikiwa chai si la ajabu.

Kitufe kinachofanya kazi mara mbili, na kukinyamazisha

Nilitaja mashine zinazochanganya njia. Dalili yake ni hii: unabonyeza mara moja, taa inazima na kuwaka, na Wi-Fi inabaki ilivyokuwa, au Bluetooth inazima huku Wi-Fi ikiwaka, zikipishana kama ndoo za kisimani. Kidhibiti kimezima redio chenyewe na papo hapo kimeutangazia mfumo endeshi kwamba kitufe kimebonyezwa, nao ukatii kwa kugeuza tena. Kwenye mashine za ASUS kiendeshi kina kigezo cha kusema nani ashike usukani. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/asus.conf lenye mstari:

options asus_nb_wmi wapf=4

uwashe mashine upya, ujaribu. Thamani hiyo haifai kila modeli. 1 nayo imezisaidia baadhi. Kwa mashine nyingine ninachofanya ni kuunyima mfumo endeshi habari ya mbonyezo, nikitumia faili lilelile la hwdb na kuandika unknown mahali pa wlan, ili kidhibiti kibaki peke yake na uamuzi.

Neno hilohilo la unknown linawafaa wale wasiotaka kabisa kitufe hiki, kama ofisi yenye kompyuta za kutumiwa na wateja au nyumba yenye watoto, mradi kitufe chao kinapita njia ya kwanza. Kinachopita njia ya tatu hakisikii hwdb. Ama BIOS ina mahali pa kukizima, ama unaishi nacho.

Kwa wenye Windows pekee nitasema machache. Kitufe kikifa baada ya mashine "kupigwa Windows" upya, kinachokosekana karibu kila mara ni kiendeshi kidogo cha vitufe cha mtengenezaji, ambacho hakiji na Windows yenyewe. Kwa HP kinaitwa HP Wireless Button Driver, na wengine wana chao katika ukurasa wao wa msaada wa modeli husika. Ikiwa hali ya ndegeni imekwama na haiguswi, fungua orodha ya huduma uangalie kama Radio Management Service imesimamishwa.

Kwa Linux, ukishakinyamazisha kitufe cha kiwandani, au kama hukuwahi kuwa nacho, jifungie chako mahali ambapo kitambaa cha vumbi hakifiki kwa urahisi. Andika hati fupi kwenye faili, tuseme ~/geuza-wifi.sh:

#!/bin/sh
if nmcli radio wifi | grep -q enabled; then
 nmcli radio wifi off
else
 nmcli radio wifi on
fi

Iruhusu iendeshwe kwa chmod +x ~/geuza-wifi.sh, kisha fungua Mipangilio ya kibodi, nenda kwenye njia za mkato za kujitengenezea, uipe mahali faili lilipo kwa ukamilifu wake na mchanganyiko wa vitufe vitatu, mathalani Ctrl, Alt na W. Alama ya ~ haisomwi na kila eneo-kazi katika kisanduku hicho, kwa hiyo andika /home na jina lako la mtumiaji. Bonyeza, tazama alama ya Wi-Fi kwenye kona ya skrini ikitoweka, bonyeza tena, na subiri sekunde chache irudi kwenye mtandao wako.